Siku Mama Alipomfagia Shemeji

Nyumbani kwetu tuna ugonjwa mmoja: mgeni akituma salamu kwamba anakuja, tunayaficha maisha yetu yote. Kandambili zinasukumwa uvunguni, dawa za Mama za presha zinaingia kabatini, nguo zilizoanuliwa zinarundikwa chumbani kwangu, na mimi naambiwa nivae kitu cha kueleweka. Mgeni akifika anakuta sebule inang'aa na watu wamekaa wima utadhani wanasubiri kupigwa picha. Tumezaliwa hivyo. Sikudhani kama ugonjwa huo ungekaribia kumfukuzisha shemeji yangu nchini.

Shemeji ni fundi makochi. Dada alimpata huko nchini kwao, alikokwenda kufanya kazi ya uuguzi. Kochi la chumba alichopanga lilibonyea, fundi akaitwa, akalitengeneza, halafu akawa anarudi kila wiki kulikagua. Jamani, kochi gani linakaguliwa kila wiki? Dada mpaka leo anashikilia kwamba springi zilikuwa mbovu. Haya. Walioana hukohuko, na mkataba wa Dada ulipokwisha wakaja kuishi kwetu, Shemeji na cherehani yake na sanduku lake la vifaa.

Mama alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo penye kasoro. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama aliipita ya tatu, akaupita mwaka, jembe hakulitoa. "Baba, pumzika." "Baba, acha, binti atafanya." Binti ni mimi. Shemeji akiacha misumari kwenye kisahani cha sabuni, Mama aliiondoa kimyakimya, kisha akaja jikoni kunimalizia mimi hasira. Sebuleni anarudi na tabasamu.

Shemeji si mjinga. Siku moja nikimshikia kitambaa akikata, aliniambia, "Shem, mama yenu ananiheshimu mpaka naogopa. Mama yangu mimi siku haipiti hajanifokea. Huyu wenu ni kama anangoja niondoke."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na kuondoka kwenyewe hakukuwa mbali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Shemeji ilikuwa kibali cha muda kilichokuwa kinaisha. Walishaomba kibali cha ukaazi, cha mtu aliyeoa raia. Walishapanga foleni Uhamiaji, wakachukuliwa alama za vidole, wakahojiwa kila mmoja chumba chake, nani anaamka kwanza, nani analala upande wa ukutani. Kikabaki kitu kimoja: Alhamisi mchana afisa angekuja nyumbani kujionea kama kweli wanaishi pamoja. Akiridhika, kibali. Asiporidhika, Shemeji arudi kwao.

"Akienda, nakwenda naye," Dada alisema mezani, mbele ya wote.

 Mama aliinuka akaenda kutafuta ufagio.

Alhamisi hiyo asubuhi mimi na Dada tulikuwa kazini, Shemeji kwa mteja kupima makochi, tukafika mlangoni karibu pamoja na afisa. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya chini, faili kwapani, mpole wa kutisha. Mama alimkaribisha akiwa amevaa kitenge kipya. Nilipoingia ndani niliuona ule ugonjwa wetu. Sakafu ungeweza kujitazamia.

"Naomba nione nyumba," afisa alisema.

Bafuni hapakuwa na wembe wala kitu chochote cha mwanamume. Chumbani kwao, afisa alifungua kabati, akakuta magauni ya Dada matupu, yamepangwa kwa rangi.

"Nguo za mume ziko wapi?"

"Nimemkunjia vizuri," Mama akasema kwa fahari. "Zimo humo."

Akaonyesha sanduku la safari. Lilikuwa mlangoni, limefungwa na mikanda, limesimama tayari kwenda uwanja wa ndege.

Tukaenda kibarazani, karakana ya Shemeji. Hakuna cherehani, hakuna sponji, hakuna hata uzi. Kulikuwa na vyungu vya maua, tena vya kuazima. "Nimeondoa uchafu wote," Mama alisema. Afisa akaandika. Akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena. Dada alinishika kiwiko mpaka kucha zikaniingia.

Tuliporudi sebuleni afisa alivua miwani. "Nitasema ukweli. Nilichokiona hapa ni nyumba ya wanawake watatu."

 Shemeji akamgeukia Mama, kwa sauti ya chini kabisa. "Mama, samahani. Vifaa vyangu viko wapi?"

"Viko kwa jirani, baba."

"Hata nyundo?"

Sijui ni ule uchovu wa kudeki tangu alfajiri, au ni hofu. Mama alilipuka.

"Nyundo! Wewe una uso wa kuniuliza nyundo? Nyundo nimeikalia Jumapili hapo kwenye kochi, mpaka leo nachechemea! Misumari kwenye sabuni, sponji kwenye mchuzi, nyuzi mpaka kwenye kitana changu! Unakoroma ukuta unatetemeka, na ukipata mafua mimi najua kabla ya mkeo, maana mkoromo unabadilika! Sukari unajimiminia kama huna damu ya kulinda, na mimi nanyamaza, naumwa tumbo kwa kunyamaza! Kitasa cha choo unakitengeneza leo, kesho kimeng'oka! Na hizo soksi! Mkeo anaokota soksi zako uvunguni mwa meza amenuna, nikigeuka mnachekeana jikoni kama watoto. Mnadhani sisikii? Nasikia!"

 Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. "Nisamehe, baba," akasema. "Mbele ya mgeni, Mungu wangu."

Shemeji macho yalikuwa yamejaa machozi, na meno yote yako nje. "Endelea, mama," akasema. "Mimi nasikiliza."

Afisa alikuwa ameinamia faili lake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinua uso alimwuliza Mama taratibu, "Na huyu akirudishwa kwao, mama?"

Mama alikaa chini. Alitazama sakafu yake, akatazama kuta, akamtazama Dada.

"Basi nitabaki na nyumba safi," alisema.

 Afisa alifunga faili, akasema angependa kuviona vifaa vya fundi mahali pake, hana haraka, chai atakunywa. Mimi na Shemeji tulikwenda kwa jirani mbio, tukavibeba kwa mafungu, na Mama akatupokea mlangoni akitufokea tusichafue.

Kibali kilitoka baada ya wiki kadhaa. Shemeji alimpelekea Mama kadi yake jikoni aione. Mama akaishika ile kadi kwa ncha za vidole, akaitazama picha, akamwambia amepigwa amenuna kama mdaiwa. Halafu akaketi akalia kwa sauti, kilio ambacho hatukuwahi kumsikia nacho. Shemeji hakujua afanye nini. Alivuta kigoda akakaa karibu naye mpaka akamaliza.