Amegeuzwa, Hakulalamika

Wifi yangu Verlene hasamehi. Nimeolewa na kaka yake miaka ishirini, najua ninachosema. Na kisa hiki kilinifurahisha, sioni haya kukiri.

Miaka kumi na tisa aliuguza wazee katika nyumba ya Willow Fork, hapa kwetu Kentucky. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inaoza. Kuna karatasi yenye visanduku: ukimgeuza, unaandika alivyokuwa na kutia herufi za jina lako. Lakini meneja, Darrell Pruitt, alibakiza wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, na kila Jumatatu asubuhi akawa anawaamuru wajaze visanduku vya wiki nzima kabla ya kuingia wodini. Wakajaza. Verlene naye akajaza.

Bi Odessa Caudill, aliyemfundisha Verlene kusoma, akafa Jumanne asubuhi, mgongoni ana donda la kuingia ngumi. Karatasi yake ikaendelea kumgeuza mpaka Jumapili.

Verlene akaichukua, akakiandikia barua kitengo cha jimbo kinachowasaka wezi wa bima ya maskini na watesaji wa wagonjwa. Miaka miwili, kimya. Pruitt alishamfukuza kazi, na wakikutana dukani alikuwa akimcheka: "Vipi Verlene, hao polisi wako wamepotea njia?"

Sasa, kitengo nacho kina mkubwa wake. Kila mwaka serikali ya Washington hukipa ithibati upya; kikinyimwa, kinafungwa na kesi zake zinakufa. Mwaka ule wakaguzi walitaka kuongea na watu waliowahi kulalamika, na Verlene akawemo. Mkuu wa kitengo, wakili Hobart Neece, akaja mbio hadi jikoni kwake, tukiwa tunakula maharage na mkate wa mahindi.

"Mama, ukiwaambia barua yako ilikaa kwenye droo, tutafungiwa. Nani atamkamata Pruitt?"

"Kwani sasa hivi nani anamkamata?"

Chai ilinipalia kwa kicheko. Verlene akaiweka ile karatasi mezani. "Fungua kesi kabla hawajafika."

Neece akaisoma, akakunja uso. "Lakini hizi herufi ni zako. Ukiitoa hii utanyang'anywa cheti cha uuguzi."

"Nimeziandika mimi, sihitaji kusomewa. Nikizama, nitazama nimemshika shati."

Kesi ikafunguliwa Ijumaa. Jumatatu wakaguzi wakaja, na Verlene akawaeleza kila kitu, droo ikiwemo. Neece akapiga simu analia kwamba amegeukwa.

"Nilikwambia ufungue kesi, bwana," Verlene akamjibu. "Sikukwambia nitakusifu."

Ithibati walipewa, pamoja na onyo, na Neece akaondolewa ukuu. Moyo wangu ukapoa kidogo. Wa Verlene, wapi.

Mahakamani wakili wa Pruitt akadhani amemnasa. Akamkabidhi karatasi. "Tusomee basi, mama, uongo ulioandika kwa mkono wako."

Verlene akavaa miwani. "Jumanne, saa nane mchana. Bi Odessa yuko mochwari. Amegeuzwa kushoto. Hakulalamika. Saa kumi. Amegeuzwa kulia. Hakulalamika."

"Inatosha," wakili akasema.

"Umesema nisome."

Hakimu akamwacha asome. Akasoma mpaka Jumapili, kisanduku kwa kisanduku, macho yakimrudia Pruitt kila mara. Mzee mmoja wa baraza akajifunika uso.

Pruitt alifungwa miaka sita. Verlene alinyang'anywa cheti, na siku hizi anaosha vyombo katika shule ya watoto. Ila kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huchora karatasi ya visanduku, akaijaza ya wiki nzima, akatia herufi zake na kuipeleka posta. Bahasha huandikwa jina la Pruitt na namba yake ya gerezani. Ndani, kila kisanduku kina maneno yale yale mawili.