Kurudi na Tenga Tupu

Mwanangu Twalibu amebeba matenga tangu ndevu hazijaota. Kwetu ni mlimani, juu ya Kinole. Ndizi na mdalasini tunateremsha kichwani hadi barabarani, ambako tangu biashara iwe huria wanunuzi wa Dar wanangoja na pikapu zao. Kuteremka hakuna aliyemshinda. Kupanda ndiko kulikonitia shaka. Kila kona alisimama kutoa kijiwe kwenye kandambili, wenzake wakamwita Bwana Harusi.

"Mpisheni, ana maringo huyo!"

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Njia ile naijua, haina vijiwe vingi hivyo.

Mwezi wa Ramadhani, Twalibu akazimia karibu na kijito. Watu wakasema ni mfungo. Sikuridhika, nikamvuta mpaka mjini, kwenye hospitali mpya ya binafsi.

Daktari Devotha alimsikiliza kifuani muda mrefu, akambandika nyaya, kisha akampima kwa mashine ya picha. Akatueleza kwamba mlango wa moyo unaotoa damu kwenda mwilini umekuwa mwembamba. Moyo unasukuma kwa shida, nyama yake inanenepa, na mwisho inaweza kuweka kovu.

"Kovu likitanda, hata tukibadilisha mlango moyo haurudi kama zamani," alisema. "Mashine hii hailioni kovu lenyewe, nalitafuta kwa dalili. Kaka, ukibeba mzigo unaishiwa pumzi?"

"Hapana, dokta."

"Kifua kinabana?"

"Wala."

"Hata tenga zima la ndizi?"

"Hata mawili," akajibu, anatabasamu. "Na kuanguka kule, nilikuwa nimefunga."

Daktari akasema basi arudi mwakani. Kuhusu mzigo hakuwa amedanganya, na hilo ndilo lililonitisha.

"Samahani, dokta. Kwetu mzigo unateremka. Muulize anavyorudi, tenga likiwa tupu."

"Mama, na wewe!"

"Sema, Twalibu."

Akainamisha kichwa. "Nasimama. Kifua kinabana kama kimefungwa kamba. Na siku ile niliyoanguka ilikuwa asubuhi, daku bado ipo tumboni."

Daktari akaurudia ule mkanda wa karatasi wenye mistari ya moyo iliyotoka kwenye zile nyaya, akamlaza tena, akamtazama upya kwenye mashine. Nilimkodolea macho usoni, nikitafuta jibu kabla hajalitoa.

"Naona dalili za kovu, limeanza," akasema mwishowe. "Lakini moyo bado unasukuma vizuri. Afanyiwe upasuaji sasa, tusingoje mwaka. Nitamwombea nafasi kati ya wagonjwa wanaopelekwa India kupasuliwa. Mpaka hapo, mlima asipande."

Twalibu nikamwacha hapo hapo mjini, Mafiga, kwa mama yake mdogo, Maimuna.

"Na tenga langu?" akaniuliza mlangoni.

"Nalibeba mimi."

Nikalichukua barabarani, nikapanda nalo peke yangu. Kila kona aliyokuwa akisimama nilisimama, nikamwomba Mungu nafasi ile ifike kabla kovu halijatanda.