Kaye ya Baba Kando ya Reli

Watu wa mtaa wetu wa Bel-Air wakitaka kunisema hawatafuti mbali. Wanasema mwalimu mzima, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kila Jumamosi mchana anabeba kigoda kwenda kukaa kando ya reli na kuandika treni za mizigo. Wifi yangu aliwahi kuniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, inanisaidia nini. Nilimjibu hainisaidii kitu. Akasubiri niendelee, lakini jibu lilikuwa limekwisha.

Jibu hilo liliwahi kunitia matatani, mwezi wa kumi mwaka jana, na sijutii.

Baba alikuwa mashinisti, yaani dereva wa treni. Nilipokuwa mtoto, treni yake ikikaribia pale reli inapokata barabara karibu na kwetu, alipiga honi mara mbili, fupi fupi, na mama akaweka motoni maji ya bukari, ugali wetu. Hatukuwa na saa nyingine ya chakula. Siku alipostaafishwa walichukua mashine, yaani kichwa cha treni alichoendesha, funguo, kofia na taa. Kesho yake alinunua kaye, daftari nene la shule, akabeba kigoda na kwenda kukaa palepale alipokuwa akipiga honi. Akaanza kuandika: saa, namba ya mashine, inatoka wapi, inavuta nini. Mashine isiyoonekana mwaka mzima aliiwekea msalaba mdogo pembeni. Kanuni yake ilikuwa moja tu: usiandike ulichoambiwa, andika ulichokiona.

Alipofariki, ndugu zangu waligawana redio, baiskeli na suti. Mimi nilichukua kaye, na hakuna aliyeigombania. Nusu ya kurasa zake ni mwandiko wake uliolalia kulia, nusu ni wangu wa ubaoni. Picha za baba tunazo mbili tu, na zote amefumba macho. Mkono wake, jinsi alivyoikata saba kwa kistari katikati, naupata mle tu.

Jumamosi ile joto lilikuwa kali na mvua hazijaanza. Niliweka kigoda kwenye kivuli cha depo ya jirani yangu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini anayeuza unga na sukari kwa magunia na aliyebandika Zaburi mlangoni. Naye hutazama treni, ila kwa sababu za kueleweka: mabehewa yake hutoka upande wa mpakani. Akichoka kusubiri huja kunitania kwamba nimeolewa na reli.

Njia ile haipumziki. Kabla ya saa nane mashine ya umeme ilipita na matangi ya asidi, na mama mmoja anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, akafunika ndoo yake kwa kitenge kama afanyavyo kila mara. Kisha yakaja mabehewa bapa ya shaba, mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, yanaelekea kusini. Hapo huwa naandika polepole. Shaba yetu inaondoka mbele ya milango yetu, na katika Bel-Air nzima pengine ni mimi peke yangu ninayejua iliondoka saa ngapi. Hilo halijazi sufuria, najua. Lakini nimeiona, na hakuna atakayeniambia haikupita.

Treni hiyo ilipomaliza kupita, ng'ambo ya reli alikuwa amesimama mlinzi wa reli, mwanamume wa makamo mwenye sare iliyopauka. Wa zamani alikuwa amenizoea, alinisalimu na kwenda zake. Huyu alikuwa mgeni kwenye kipande kile. Alivuka, akanisimamia.

"Mama, uko naandika nini?"

Nikamwambia naandika treni. Akanyoosha mkono, nami nikampa kaye. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu: miaka yangu yote nimekaa kwenye kazi ya kupokea na kutoa madaftari, mkono unatoa kabla kichwa hakijafikiri. Alifunua kurasa, akakunja uso. Alisema ni marufuku kuandika namba za mashine na mizigo yake, kwamba huenda nawapelekea habari wezi wa shaba, na kwamba kaye itakwenda kwa mkuu wake. Nikauliza itarudi lini. Akasema vitu vya namna hiyo havirudi.

Niliogopa, sifichi. Niliona mwandiko wa baba ukiishia kwenye droo ya ofisi fulani, unawekewa vikombe vya chai juu yake. Lakini hasira ilikuja nyuma ya woga, ikaupita. Nikamwambia treni hii inapita mbele ya makanisa, shule na masoko, tena inapiga honi ili mji mzima usikie. Kama ni siri, waipitishe chini ya ardhi.

Jirani yangu akatoka depo anajipangusa unga mikononi. Alimsalimia mlinzi kwa mikono miwili, akasema taratibu:

"Chef, wacha mama. Ni yeye ananiangaliaka mawagon yangu. Ni kazi namupatia."

Uso wa mlinzi ulifunguka palepale. Hilo alilielewa, wenye mizigo wana watu wao wa kuangalia mabehewa. Akanigeukia, kaye tayari inaelekea kwangu, akaniuliza kama ni hivyo.

Lilitakiwa neno moja tu. Jirani alinikazia macho niitikie. Ningesema ndiyo, na baba yangu angerudi nyumbani kwapani mwangu. Nilifungua kinywa kabisa. Kisha nikaiona miaka inayofuata, nimekaa pale kwa ruhusa, kibarua wa unga wa mtu, na kila mstari wa baba umegeuka kuwa wa kutumwa. Vyote alivyotumwa walimnyang'anya. Hiki hakutumwa na mtu.

"Hapana, papa," nikasema. "Hakuna muntu ananituma. Niko naandika juu napenda."

Jirani alishika kichwa. Mlinzi akaifunga kaye na kuibana kwapani mwake.

Hapo honi ikalia upande wa Likasi. Nikainuka. Mkono wangu ulitafuta kaye wenyewe, ukapata kalamu tu. Tangu baba afariki sijawahi kuona treni nikaiacha bila kuiandika, na sikuwa tayari kuanza siku hiyo kwa sababu ya sare. Nikamnyooshea mlinzi kalamu, na ikanitoka ile sauti ninayotumia kwa watoto sitini waliorudi kutoka mapumziko.

"Fungua kaye. Andika."

Alinitazama. Mashine ilikuwa imeshafika barabarani.

"Saa tisa na dakika kumi. Mashine mbili. Ya mbele: mbili, nne, saba, moja."

Aliinua macho akaiona namba, akaweka kaye juu ya paja, akaandika. Sijui ni kwa nini. Labda naye aliwahi kuwa na mwalimu mkali. Nikamsomea namba ya pili kwa kupaza sauti, maana kelele za magurudumu zilikuwa zimepanda. Yalipofika mabehewa yaliyofunikwa turubai nikanyamaza. Yeye akasema ni saruji. Nikamuuliza kama ameiona. Akasema hapana, ameambiwa.

"Basi usiandike."

Hakuandika.

Treni ilipokwisha alibaki anasoma ukurasa wake. Jirani yangu, ambaye kimya humuumiza, alimuuliza kama sasa atajishitaki mwenyewe kwa mkuu wake. Mlinzi hakucheka. Aliuliza ule mwandiko wa mwanzo ni wa nani, nikamwambia. Alinirudishia kaye na kalamu, akasema Jumamosi ijayo atakuwa zamu, na marufuku bado ni marufuku. Nikamwambia nami nitakuwa zamu.

Nilikaa hadi jua lilipopoa. Nyumbani nilifungua ukurasa ule mezani. Kulikuwa na mwandiko wa tatu sasa, namba kubwa zinazopanda mlima, saba yake haina kistari, na penye mzigo wa mabehewa ya turubai pako wazi. Nilichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia niikate ile saba kama alivyokuwa akiikata baba. Nikairudisha kalamu mahali pake. Mtu yule aliandika alichokiona.