Msiba wa Mti wa Mizinga

Bwana shamba wetu alikuwa kijana mwenye saa kubwa kuliko mkono wake. Siku moja kwenye kisomo cha watu wazima alituambia kuwa mafuta ya taa huchimbwa ardhini, yakiisha yameisha, lakini msitu ni mali inayojirudisha: unakata, unaota. Nikajisemea, basi hata mume wangu ni mali inayojirudisha. Alikwenda Kaliua kununua shoka, akarudi mvua za mwaka uliofuata, bila shoka.

Lakini nilikuwa nasema habari ya mti. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliambiwa tulime tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwenye bani, nyumba ya tope yenye tanuri linalokula kuni kama shemeji aliyekuja kusalimia. Neno lile, "unaota", likatutia wazimu. Tukafyeka upande wetu wote wa mto mpaka ukabaki mti mmoja tu, mtundu mkubwa nyuma ya nyumba yangu, wenye mizinga ya marehemu baba. Asali yake ndiyo niliyopikia wanzuki, pombe yangu ya kuuza, na pombe hiyo ndiyo iliyowavisha wanangu, maana baba yao ndiye yule niliyemtaja.

Mwenyekiti wa kijiji akaja na vijana wenye mashoka.

"Mama, utaota mwingine."

"Uote lini? Wanangu wavae majani?"

"Tumbaku ya kijiji itaoza, mama."

Shoka la kwanza likagonga. Hapo akatokea Mzaramo mmoja, mteja wangu, aliyekuja zamani kutengeneza reli akasahau kurudi kwao. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Kwenye msiba wako mtani hulala kaburini, akazuia maziko mpaka apewe chake, na ukikasirika aibu ni yako. Basi akajifunga kanga yangu kichwani, akajitupa kwenye mizizi.

"Uuwi! Wanyamwezi wameniulia mama! Maiti haiguswi!"

"Ondoka, mtani, tuna kazi," mwenyekiti akasema.

"Kazi gani, mpagazi wewe? Lete ng'ombe wa matanga, la sivyo nizikeni naye!"

Vijana walicheka mpaka mashoka yakawatoka mikononi. Mwenyekiti akajikaza, akakunja uso, mwisho naye akashindwa. Wakaenda kukata mbali, ng'ambo ya mto, walikokuwa hawajafika.

Mti wangu ukapona. Ila nyuki hawaishi kwa maua ya mti mmoja. Msimu uliofuata walihama mizinga yote, hawakuaga, sawasawa na mume wangu, tofauti ni kwamba wao hawakurudi. Nikaanza kupika pombe ya mahindi. Mtani akaja, akaonja, akatema pembeni, akautazama mtundu uliosimama peke yake.

"Mtani," akasema, "siku ile nililia mapema."