Damu Safi

Kila mwezi nilikuwa na siku tatu za kulala kwenye sakafu ya saruji, tumbo likinikata. Nilikuwa mwalimu pale Garsen, na nilichotaka ni shangazi yangu, muuza maziwa aliyenilea, aniamini. Lakini yeye alikulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe akiugua, bwana mifugo humtoa damu sikioni na ugonjwa ukaonekana. Basi na mimi nikapelekwa kutolewa damu.

Mpimaji wa zahanati alijua magonjwa mawili, malaria na taifodi. Alinidunga kidole, akachungulia darubini yake, akaandika: damu safi. Mwezi uliofuata, safi. Mara ya tano nilitamani kumpiga kwa ile darubini.

Shangazi alifurahi mno. Alikwenda sokoni akamwambia kila aliyempimia maziwa kwamba damu ya binti yake imepimwa mara tano na ni safi. Miaka ile watu walisikia jambo moja tu katika maneno hayo: sina ule ugonjwa uliokuwa ukitajwa kwa kunong'ona. Wiki haikuisha, posa tatu zikaja. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliomba hata cheti, kama cha chanjo.

Alikuja siku yangu mbaya. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimeuma leso, naguna. Mgeni akauliza ni nani huyo. Shangazi akajibu ni mbuzi anazaa.

Hasira zilinipanda. Nilitoka kwa kutambaa, nikatapika karibu na viatu vya mchuuzi. Hakurudi, na shangazi akakubali tupande basi kwenda Malindi.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimpa karatasi zangu tano, akaziweka kando bila kuzisoma, akaniuliza maumivu yanaanzaje na yanakwenda wapi. Nilieleza kwa muda mrefu. Akasema anashuku nyama kama ya ndani ya kizazi imeota nje yake, nayo huvuja damu kila mwezi. Kipimo cha damu hakiwezi kuithibitisha. Kwa uhakika lazima nichunguliwe tumboni kwa upasuaji mdogo, Mombasa.

Shangazi alinigeukia.

"Kumbe wewe unaumwa kweli," akasema, akanishika mkono.

Nililia. Sijawahi kufurahi vile kuambiwa mimi ni mgonjwa.