Mshenga wa Paka

Bathsheba Mong'ina wa Kiogoro hakuwa mtu wa paka. Alikuwa mshenga, yule ambaye kwa Kikisii huitwa esigani, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia wasichana nyumba za kuolewa. Ukitaka kujua kama ukoo fulani una kichaa au una wachawi, hukuwa na haja ya kwenda mbali. Ungemkuta shambani kwake akichuma maua ya pareto, umsaidie kujaza kikapu, naye angefungua mdomo. Alijisifu kwamba hakuna msichana aliyempeleka mahali akaachika. Hilo lilikuwa kweli.

Paka alimpata mwaka wa 1971, na kilichomponza ni ulimi wake. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino katika misheni moja kwenye njia ya Nyamira. Nyuma ya zahanati kulikuwa na kibanda cha waya, kilichojengwa na muuguzi mmoja Mzungu ili kuwaweka paka waliotupwa. Muuguzi akarudi kwao, kibanda kikaachwa kwa mlinzi, na mlinzi aliwakumbuka paka siku akikumbuka. Wengine walishakufa au kutoroka. Alibaki mmoja, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chai, sikio limeraruka, mbavu nje, amekaa juu ya debe tupu kama mtu aliyechoka kungoja zamu yake.

Bathsheba, shavu likiwa limevimba, hakuweza kunyamaza. "Wewe baba, hiki ni kibanda au ni kaburi?"

"Paka si wangu, mama," mlinzi akajibu. "Mwenyewe amepanda ndege."

"Na chakula chao akapanda nacho?"

"Kama una huruma hivyo, si umchukue?"

Watu waliopanga foleni ya dawa walicheka. Angecheka nao mambo yakaisha, lakini Bathsheba hakuwa mtu wa kushindwa na mlinzi mbele ya watu. Alivua leso ya mabegani, akamfunga paka ndani yake kama mtoto, akaondoka naye.

Nyumbani mumewe, Josiah Omwenga, alimtazama paka, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Loice, si ulienda kung'oa jino?"

"Limeng'oka."

"Na huyu?"

"Ni mgeni tu. Nitamtafutia nyumba. Nimewatafutia watu, sembuse paka?"

Alimlisha dagaa wa omena na ugali uliolainishwa kwa maziwa. Siku za kwanza paka alikula huku ananguruma, akidhani atanyang'anywa. Baadaye manyoya yakalala vizuri, akawa anamfuata Bathsheba kwenye pareto na kukaa kati ya mistari akimwangalia akichuma. Josiah, aliyeapa kwamba hataki kumwona, alikutwa akimtupia ngozi ya nyama chini ya meza.

"Kwani lazima aende?" Josiah akauliza siku moja, akijifanya anatafuta kofia yake.

"Nilisema nitamtafutia nyumba. Kiogoro nzima wamenisikia. Sasa nikimweka watasema Bathsheba ameshindwa kumwoza paka?"

Wa kwanza kuja kumwomba alikuwa Dahabo, mke wa Farah Gulled mwenye duka la nguo na nafaka mjini Kisii. Alikuja kwa miguu, na chupa ya maziwa mkononi. Kabla hajaketi vizuri paka alikuwa ameshapanda mapajani mwake, amejikunja.

"Panya wamenimaliza kwenye magunia," Dahabo alisema. "Na hata bila panya, paka nampenda. Kwetu anaingia mpaka mahali pa kuswalia na hakuna wa kumfukuza."

Bathsheba akaanza maswali yake ya siku zote. Ukoo gani? Baba mkwe alizaliwa wapi? Alipoambiwa ni Garissa, akauliza, "Na hapa Kisii nani anawajua watu wake?"

Dahabo akacheka. "Mama, mimi nataka paka. Siposi mke."

"Mtu nisiyejua kwao simpi kitu chenye roho."

Kicheko kikakatika. "Tuko hapa tangu kabla ya Uhuru, mama. Hiyo leso umevaa umeinunua kwangu."

"Leso haina roho."

Dahabo alimwinua paka taratibu, akamweka chini, akaondoka. Maziwa aliyaacha.

Nyumba aliyoichagua Bathsheba ilikuwa ya mzee Obwocha, kule Ekerenyo. Hiyo ndiyo nyumba aliyoijua mpaka kwa mababu, nao hawakuwa na doa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka pale msichana aitwaye Kemuma akaolewa na Nyamongo, mtoto wao wa kwanza. Sasa walitaka msichana wa mtoto wa pili, na jicho lao lilikuwa kwa binti ya Alfayo, jirani wa Bathsheba. Mama Nyamongo aliposikia habari za paka akasema, "Mlete. Ghala langu limejaa panya."

Bathsheba alikwenda na paka kwenye kikapu. Aliangalia kila kitu kama ilivyokuwa desturi yake: mabati mapya, ng'ombe wanene, majani ya chai mpaka mtoni, ghala lililokaribia kupasuka kwa mahindi. Aliketishwa sebuleni, redio ikawashwa kwa heshima yake. Kemuma akaleta chai, na alipoinama kuiweka mezani akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa usilete kitu kinachokula."

Bathsheba alicheka sana. Alidhani ni mzaha juu ya panya. Alimaliza chai, akamwacha paka, na njia nzima ya kurudi alijipongeza.

Masika yalipoanza alirudi kumaliza mazungumzo ya binti ya Alfayo. Mama Nyamongo alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, na sebule ilikuwa imefungwa. Mvua ikammwagikia, akakimbilia jikoni. Miaka yote aliyokuja katika boma lile hakuwahi kuingia jikoni. Mshenga ni mgeni wa sebuleni.

Kemuma alikuwa akichochea sufuria ya mboga tupu. Kupitia mlango Bathsheba aliona nguzo ya ghala, na kwenye nguzo kamba iliyofungwa, haina kitu.

"Paka wangu yuko wapi?"

"Alikufa, mama."

"Alikufa na nini?"

"Njaa." Kemuma hakuacha kuchochea. "Mama mkwe alisema akilishwa hatashika panya. Walimfunga pale. Panya waliopita karibu aliwakamata, halafu wakajua urefu wa kamba, wakawa wanapita mbali. Nilikuwa nampa uji wangu, nikaonekana, nikakatazwa."

"Ghala limejaa namna ile?"

"Limejaa. Unga uko chumbani kwa mama, na ufunguo anatembea nao. Anatupimia. Nilimzika mwenyewe kwenye migomba, wakati wao wako kanisani."

Bathsheba alitaka kutukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha, lakini macho yake yalishamtangulia. Aliona sweta iliyomning'inia Kemuma kama iliyotundikwa kwenye msumari. Aliona mifupa ya shingo. Msichana aliyemtoa kwao alikuwa na mashavu ambayo watu waliyatania njiani.

"Nyamongo anajua?"

"Nyamongo yuko Kericho kazini. Akija, unga hufunguliwa. Akiondoka, unafungwa."

"Na wewe kwa nini hukurudi kwenu?"

"Nilirudi mara moja. Baba akanirudisha jioni ileile." Kemuma alimwangalia kwa mara ya kwanza, bila hasira, na heri angekuwa na hasira. "Alisema Bathsheba alishaichunguza nyumba hii."

Mvua ilipopungua Bathsheba aliondoka bila kumngoja mwenye nyumba.

Kiogoro alipitiliza moja kwa moja kwa Alfayo, miguu imejaa matope. Alfayo alimletea kiti.

"Wamekubali?" akauliza.

"Mtoto wako haendi kule."

"Si wewe uliyesema hakuna nyumba kama ile?"

"Nilisema. Leo nimeingia jikoni."

Akamweleza yote, ya paka na ya Kemuma. Alfayo alijikuna kidevu. Alikuwa ameshawaonyesha ndugu zake mahali ambapo ng'ombe wa mahari wangelala.

"Watu watasema umevunja uchumba kwa sababu ya paka," alisema.

"Waseme."

Na walisema. Obwocha alimtukana sokoni mbele ya watu, na mwaka ule hakuna aliyekuja kumtafuta Bathsheba kwenye pareto. Binti ya Alfayo hakuolewa Ekerenyo. Lakini Bathsheba alipokwenda kwa baba yake Kemuma na kumwambia, "Nilikudanganya bila kujua, mchukue mtoto wako," mzee yule alimjibu kwa adabu kwamba ng'ombe wa mahari walishatumika kumwolea mke kaka yake Kemuma, na kaka ameshapata watoto. Arudishe nini?

Mjini Bathsheba alikuwa akipita upande wa pili wa barabara kulikwepa duka la Dahabo, mpaka siku moja Dahabo akamwita kutoka mlangoni mwa duka. "Paka alipata nyumba, mama?"

"Alipata," Bathsheba akasema, akaenda zake. Josiah alipomuuliza kwa nini siku hizi hanunui leso, alijibu kwamba anazo za kutosha.

Siku za soko Bathsheba hupanda basi la kwenda Ekerenyo na kikapu cha viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Kemuma hutoka kana kwamba anakwenda kisimani. Hula amesimama kati ya michai, upesi upesi, macho njiani. Bathsheba humshikia mtungi, naye huangalia upande wa boma, asije mtu akawakuta.