Kabichi ya Mkwe

Mara ya kwanza mzee Kakuta, mfugaji, alipotoka Handeni kuja kumwona bintiye Naeku, aliyeolewa Kwamndolwa, alikula nyama tupu, akaaga. Mama mkwe wa Naeku, Bi Swaumu, aliona ni kama hakumlisha kitu.

Safari hii aliikata kabichi nyembamba kama nyuzi, akaifikicha kwa chumvi mpaka ikalegea, akaikamua. Akatia vipande vya chungwa, giligilani na maji ya ndimu, kisha akaliweka bakuli mbele ya mgeni, kando ya mbavu za mbuzi.

Kakuta aliliangalia. “Mama, haya majani ni ya mbuzi?”

“Mbuzi ndiye huyo unayemtafuna, mkwe. Hayo ni yako.”

Alimaliza ubavu mmoja, akamaliza wa pili. Mafuta yalipomganda mdomoni, alichota kabichi kidogo kwa vidole, kwa tahadhari. Akachota tena na tena, mpaka maua yaliyochorwa ndani ya bakuli yakaonekana.

“Dawa nzuri,” alisema. “Inakata mafuta. Sisi huchemsha magome ya mti kwenye supu.”

Bi Swaumu alitaka iitwe chakula, lakini hakuona sababu ya kubishana na bakuli tupu.

“Natumia mara ngapi?”

“Kila ukija, mkwe wangu.”